Waya wa antena chini ya ardhi: namna ya kuufukia ukadumu

Nyumba ilikuwa Bagamoyo, na mwembe ulikuwa upande wa magharibi. Ukiwa ukanda wetu wa Pwani na ukitafuta setilaiti iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 7 mashariki, dishi hutazama magharibi na kuinuka kama nyuzi 52, na mwembe ule ulisimama njiani kabisa. Nilimshauri mwenye nyumba tupunguze matawi. Akanijibu, "Mwanangu, mwembe huu kaupanda marehemu mume wangu. Haukatwi." Basi tukalihamishia dishi ng'ambo ya uwanja, mita 31 kutoka sebuleni, na waya ukapita chini ya ardhi.

Mtaro niliuchimba mwenyewe, ukaenda chini kisawasawa. Bomba zuri, gundi kila kiungo, mchanga chini na juu. Masika ya pili picha ikaanza kukatika vipande vipande, mwishowe king'amuzi kikaandika hakuna mawimbi. Nikajua jembe limepita. Nikafukua mita zote 31, bomba zima, halina hata mkwaruzo. Nilipofungua konekta ya LNB, kile kichwa cha kupokea mawimbi mbele ya dishi, ndipo nikaona: waya wa kati umegeuka kijani, umeliwa mpaka umekatika, kipande kimebaki ndani ya tundu la LNB. Nikakata sentimita 30, ndani kumeloa. Nikakata mita nzima, bado kumeloa. Nikaubana waya kwa vidole, tone la maji likatoka kwenye ncha. Nilikuja kuupata waya mkavu baada ya mita 4, na hapo tayari nilikuwa nimeingia chini ya ardhi, ndani ya bomba kavu.

Maji hayakutoka ardhini. Yaliingia juu, kwenye konekta ya kusokota niliyoifunga kwa tepu peke yake, yakateremka ndani ya waya kama mafuta ya taa yanavyosafiri kwenye utambi. Mama yule alilipa kazi moja, nami nikairudia bila kumtoza, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile nafanya kazi hii kwa kufuata jambo moja: bomba ni kinga ya jembe na panya, ganda la waya ndilo kinga ya maji, na ncha mbili zinazobaki juu ya ardhi ndizo zinazostahili sehemu kubwa ya muda wako.

Kwanza elewa maji yanafanya nini ndani ya waya

Chukua kipande cha waya wa antena ukikate kwa kisu kikali. Katikati kuna waya mmoja mnene kama milimita 1. Umezungukwa na povu jeupe la plastiki, halafu karatasi nyembamba ya aluminiamu, halafu wavu wa nyuzi, halafu ganda la nje. Mawimbi husafiri kwenye lile povu, kati ya waya wa kati na wavu. Povu ni hewa nyingi iliyofungwa ndani ya plastiki, na waya umeundwa hivyo ili mawimbi yakutane na ukinzani ule ule, omu 75, mwanzo hadi mwisho. Hewa ikipewa kipimo cha 1 kwa namna inavyoyapitisha mawimbi, povu lile hukaribia 1.5. Maji ni karibu 80. Kwa hiyo unyevu kidogo tu ukijipenyeza kati ya povu na wavu, kipande hicho si waya wa omu 75 tena. Mawimbi mengine yanarudi yalikotoka, mengine yanamezwa na maji.

Hilo ni la kwanza. La pili ni umeme unaopanda. King'amuzi hupeleka volti 13 au 18 juu kwenye LNB kupitia waya huu huu. Antena ya kawaida yenye kikuza mawimbi mlingotini nayo hulishwa vivyo hivyo. Maji yakikutana na umeme wa aina hiyo, wa njia moja, shaba ya upande chanya huanza kuliwa. Upande chanya ndio waya wa kati. Ndiyo maana unakuta kutu ya kijani pale pale, ilhali kamba ya shaba iliyoachwa kwenye mvua bila umeme inaweza kukaa miaka mingi imesinyaa rangi tu. Huku Pwani, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, mambo huenda haraka zaidi.

Kuchagua waya

Kwa mita zisizozidi 40 au 50, RG-6, waya wa kawaida wa dishi, inatosha. Hupoteza kama desibeli 20 kwa kila mita 100 kwenye megahetzi 1000, na kama 30 ukifika karibu na megahetzi 2150, ambako ndiko mwisho wa masafa ya LNB. Ukizidi hapo nenda kwenye RG-11, ambayo ni nene, kama milimita 10, na hupoteza kidogo. RG-59, ile nyembamba ya kamera za zamani, usiifukie kwa kazi ya dishi.

Sasa angalia waya wa kati. Pitisha sumaku. Ikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Kwa mawimbi hakuna ubaya, kwa kuwa masafa ya juu husafiri kwenye ngozi ya waya. Lakini kwa ule umeme wa LNB, chuma hicho kina ukinzani wa kama omu 90 hadi 100 kwa kilomita, wakati shaba tupu ya unene huo ina kama 21. Kwa mita 15 hutajua tofauti. Kwa mita 50, ukiwa na LNB inayovuta umeme mwingi, volti 18 zitafika zimepungua na baadhi ya chaneli zitakosekana. Njia ndefu nunua shaba tupu, utaokoa safari ya kurudi.

Ganda ndilo jambo lenyewe, na madukani wachache huliuliza. Waya mwingi mweupe una ganda la PVC, ile plastiki laini ya waya za ndani. PVC hupitisha mvuke wa maji polepole, na ikikaa kwenye udongo mbichi mwaka hadi mwaka, unyevu unaingia hata pasipo tundu. Polithini, ile plastiki ya mabomba meusi ya maji, huzuia mvuke vizuri zaidi. Dukani zote mbili zinaweza kuwa nyeusi na ukashindwa kuzitofautisha kwa macho. Omba kipande kidogo kama ukucha, vua ganda peke yake, lisafishe, kisha litumbukize kwenye glasi ya maji na kulisukuma kwa kidole mpaka lilowe lote. Polithini huelea. PVC huzama. Mimi huenda dukani na chupa ya maji kwa ajili hiyo, na muuzaji mmoja wa Kariakoo siku hizi hulifanya jaribio hilo mwenyewe mbele ya wateja.

Bora kuliko yote ni waya uliotengenezwa kwa kufukiwa. Ganda lake ni polithini, na ndani ya wavu kuna mafuta mazito yanayonata kama grisi. Ganda likichubuka, yale mafuta yanaziba njia na maji hayasafiri. Ukikata yatakuchafua mikono. Yapanguse kwa kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye spiriti kidogo pale tu konekta itakapokaa. Ukiupata waya huo, ununue hata kama ni ghali. Ukiukosa, chukua wa polithini wa kawaida na uupitishe ndani ya bomba. Mweupe wa PVC usifukie kabisa, hata kama bomba ni zuri namna gani, kwa sababu nitakayoeleza sasa hivi.

Bomba litaingia maji, lipange hivyo

Watu wengi huamini kwamba wakigundisha kila kiungo, ndani ya bomba kutabaki kukavu. Mchana bomba linapata joto, hewa ya ndani inatanuka na kutoka nje. Usiku linapoa, linavuta hewa mpya yenye unyevu, na unyevu ule unageuka umande kwenye ukuta wa bomba. Kila siku tone, kila siku tone. Baada ya mwaka sehemu ya chini ina dimbwi. Hii ndiyo sababu ya kutaka ganda la polithini hata ndani ya bomba.

Kwa hiyo bomba tunalitumia kwa kazi mbili: kuzuia jembe, panya, fuko na mchwa, na kutuwezesha kuvuta waya mpya siku wa zamani ukifa, bila kuchimba tena. Kwa waya mmoja, bomba la umeme la milimita 25 linafaa. La milimita 20 waya unapita, ila kwa kubanana, na siku ya kubadilisha utajuta. Kwenye uwanja mrefu usio na kona, napenda zaidi bomba jeusi la maji lenye mistari ya bluu, lile linalouzwa likiwa limeviringishwa. Kati ya dishi na nyumba halina kiungo hata kimoja, na mchwa hawana pa kuanzia.

Kwenye kona tumia bendi ndefu, usitumie elbo. Waya wa RG-6 haupendi kukunjwa chini ya sentimita 7 za nusu kipenyo; ukiukunja zaidi ya hapo povu linabonyea na waya wa kati unasogea pembeni, na hapo umeharibu ule usawa wa omu 75 kwa mkono wako mwenyewe. Elbo inakunja kwa ghafla, na pia waya hauvutiki.

Njia na mtaro

Chimba kiangazi. Kwetu Januari na Februari ni miezi mizuri, au Julai hadi Septemba. Masika yakianza Machi utakuwa unachota maji kwenye mtaro badala ya kutandaza bomba.

Kabla ya sururu kugusa ardhi, zunguka uwanja na mwenye nyumba. Bomba la maji linapita wapi? Karo liko wapi? Umeme unaingia kwa juu au chini? Kama unaingia chini, mtafute anayejua njia yake kabla hujachimba; hilo ni suala la uhai. Waya wa antena ukae angalau sentimita 30 mbali na waya wa umeme mkubwa unapokwenda nao sambamba, na kama lazima wapishane, upishane kwa pembe mraba, kila mmoja ndani ya bomba lake.

Epuka bustani ya mchicha na mihogo. Epuka pia shina la mti. Mizizi ya mwembe au mkungu hunenepa na kubana bomba. Njia nzuri mara nyingi ni ile inayofuata ukuta au ukingo wa njia ya miguu, hata ikiongeza mita 3.

Kina: sentimita 45 kwenye uwanja wa kawaida. Mahali panapolimwa nenda 60, maana jembe la mkono likishikwa na mtu mwenye nguvu hufika 25 au 30 kirahisi, na anayechimba shimo la mgomba hufika mbali zaidi. Panapopita gari nenda 60 na uvishe bomba lako ndani ya bomba nene la maji machafu la inchi 2, au la chuma.

Sakafu ya mtaro isafishwe. Zanzibar, Mombasa na sehemu kubwa ya mwambao unachimba kwenye mawe ya matumbawe, na yale mawe yana makali kama wembe. Tandaza mchanga safi sentimita 5 kwanza. Kwenye udongo mweusi wa mbuga tatizo ni lingine: kiangazi unapasuka, masika unavimba, na bomba linavutwa huku na huko. Huko usilinyooshe bomba kama kamba ya fundi mwashi. Liache lijipinde kidogo ndani ya mtaro ili lipate pa kukimbilia.

Ondoa kila kipande cha mbao, mzizi mkavu na boksi la katoni. Mchwa huja kwa ajili ya hivyo, halafu hutafuna na kilicho jirani. Kuna mafundi humwaga oili chafu mtaroni kufukuza mchwa. Tafadhali usifanye hivyo. Oili ile inashuka kwenye maji ya kisima, na nyumba nyingi zinakunywa maji ya kisima.

Mteremko usiusahau. Sentimita 1 kwa kila mita inatosha, bomba likielekea mahali pamoja pa chini zaidi, mbali na nyumba. Kama udongo ni kichanga na maji hunywewa upesi, hapo pa chini chimba shimo dogo la ndoo moja, jaza kokoto, na toboa bomba kwa chini tundu la milimita 6. Dimbwi litakuwa linajitoa lenyewe. Kama unakaa bondeni, mahali ambapo ukichimba nusu mita unakuta maji, usitoboe kabisa, utayakaribisha.

Kutandaza na kuvuta

Ukitumia vipande vya mita 3, pitisha kamba ya nailoni ndani ya kila kipande kabla ya kukigundisha na kinachofuata. Acha gundi ikauke kabisa kabla ya kuvuta waya, maana gundi mbichi inalainisha ganda. Ukitumia bomba refu la kuviringishwa, liache juani saa moja lilegee, na tumia springi ya mafundi umeme kupeleka kamba.

Ncha ya waya izibe kwa tepu kabla ya kuvuta. Jambo dogo, lakini nimeona mtu akiburura waya wazi kwenye bomba lenye matope, wavu ukanywa maji kabla hata ya kazi kuanza. Mmoja avute polepole, mwingine alishe waya kwa mkono ukitoka kwenye roli. Usichomoe waya kwa kulilaza roli chini na kuutoa duara kwa duara, unasokotwa. Lizungushe roli juu ya kipande cha mti. Ukihisi umekwama, simama, rudisha nyuma kidogo, paka sabuni ya maji. Usivute kwa nguvu za kuvutia mtumbwi.

Vuta pamoja na waya kamba ya pili ya nailoni, na uiache humo. Hiyo ndiyo itakayovuta waya wa kesho. Na waya uwe mzima, kutoka dishi hadi ndani ya nyumba. Kiungo chini ya ardhi hakikubaliki, hata ukikifunga vipi.

Ncha mbili

Hapa ndipo kazi ilipo. Panga kutumia muda mwingi hapa kuliko kwenye mtaro.

Bomba lipande juu ya ardhi angalau sentimita 30, pale kwenye nguzo na pale ukutani, na mdomo wake ugeuzwe utazame chini kwa bendi, kama shingo ya bata. Mvua haipandi. Ndani ya mdomo sokomeza kidogo stilwaya ya kusugulia masufuria, ile isiyoshika kutu, kuzuia panya na nyigu. Usijaze povu la kuziba au saruji. Bomba linahitaji kupumua, na wewe unahitaji kulifungua siku moja.

Konekta iwe ya kubana kwa koleo maalumu, yenye pete ya mpira ndani. Zile za kusokota kwa mkono ziache kwa kazi za ndani. Ukivua waya, povu jeupe lifike sawa na sakafu ya ndani ya konekta, lisiingie mbele wala kubaki nyuma. Waya wa kati uchomoze kama milimita 3 kupita mdomo wa konekta. Wavu ukunjwe nyuma juu ya ganda, na hapo chukua miwani au tochi: unywele mmoja wa wavu ukigusa waya wa kati, umeunganisha chanya na hasi, na king'amuzi kitajizima au kuungua.

Kabla ya kufunga, weka tone la grisi ya silikoni kwenye nyuzi za konekta. Kaza kwa vidole, kisha robo ya mzunguko kwa spana, basi. Usipake silikoni ile ya kuzibia masinki inayonuka kama siki. Ile harufu ni asidi, na inaila shaba polepole kadiri inavyokauka.

Sasa tepu. Ya kwanza ni tepu ya raba inayojishika yenyewe, isiyo na gundi. Ivute mpaka upana wake upungue nusu, anza sentimita 5 chini ya konekta kwenye waya mkavu, panda kuelekea LNB, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Ukianza chini na kupanda, mizunguko inalaliana kama makuti ya paa, maji yanateleza. Ukianza juu na kushuka, kila mzunguko ni kikombe. Ukikosa tepu hiyo, kata tyubu ya baiskeli utepe wa sentimita 2 na uuvute vivyo hivyo. Inafanya kazi, ila jua hulipasua raba lake ndani ya mwaka au miwili. Juu ya raba, la dukani au la tyubu, funga tepu nyeusi ya umeme kama kivuli cha jua. Usimalizie kwa kuivuta. Mzunguko wa mwisho uulaze taratibu bila kuunyoosha, la sivyo jua likiwaka utajifungua wenyewe.

Chini ya LNB uache waya ufanye kitanzi kinachoning'inia chini kuliko konekta kabla ya kufungwa kwenye nguzo. Maji yanayoteremka kwenye waya yatadondoka kwenye tumbo la kitanzi. Fanya kitanzi cha pili pale waya unapoingia ukutani, na tundu la ukuta litobolewe likiinamia nje. Kebo tai ziwe nyeusi, na zisikazwe mpaka waya ukabonyea.

Ardhi ya umeme

Mita 30 za waya zinazotoka kwenye nguzo ya chuma na kuingia sebuleni ni njia nzuri sana kwa radi. Mahali waya unapoingia nyumbani weka kiungio cha ardhi, kile kidude cha chuma chenye tundu mbili za konekta na skrubu ya waya. Skrubu hiyo iunganishwe kwa waya wa shaba wa milimita 4 za mraba na ardhi (ethi) ile ile ya umeme wa nyumba. Nguzo ya dishi ipate waya wake wa milimita 16 za mraba kwenda kwenye fimbo ya ardhi, yaani chuma kilichopigiliwa udongoni, na fimbo hiyo iunganishwe na ya nyumba. Ukiziacha ardhi mbili hazijuani, radi ikipiga jirani mkondo utapita kati yao kupitia wavu wa waya wako. Kazi hii mwachie fundi umeme mwenye leseni kama hujaizoea. Na pamoja na hayo yote, mawingu yakijumuika na radi ikaanza kunguruma, chomoa waya wa king'amuzi.

Pima kabla ya kufukia

Ncha zote mbili zikiwa hazijaunganishwa na kitu, weka mita kwenye omu, mguu mmoja kwenye waya wa kati, mwingine kwenye konekta. Isionyeshe chochote. Ikionyesha namba, hata kubwa, inayocheza na kushuka, kuna unyevu au unywele wa wavu. Kisha ncha ya mbali unganisha waya wa kati na konekta kwa kipande cha waya, na upime tena. Kwa mita 30 za shaba tupu tegemea omu 1 na kitu. Za chuma kilichopakwa shaba, kama 3 hadi 4. Iandike namba hiyo, pamoja na nguvu na ubora wa mawimbi unaosoma kwenye king'amuzi siku hiyo. Mimi huandika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango wa boksi la mita ya umeme. Karatasi hupotea, mlango haupotei.

Piga picha mtaro ukiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana kutoka kona ya nyumba. Halafu mwaga mchanga sentimita 10 juu ya bomba, udongo uliochambuliwa mawe, na ukifika sentimita 20 kutoka juu tandaza utepe wa rangi wa tahadhari. Ukiukosa, mfuko wa plastiki wa rangi kali uliokatwa vipande virefu unasaidia. Anayechimba akiuona atasimama. Mwagilia maji, shindilia kwa miguu, ongeza udongo mpaka uwe tuta dogo, kwa kuwa mvua ya kwanza italishusha.

Jembe likipita hata hivyo

Usiunge pale pale. Kama kuna bomba, funga waya mpya kwenye ile kamba ya nailoni na uvute. Ni kazi ya asubuhi moja. Ziba bomba lililokatika kwa kipande kingine na gundi. Kama waya ulifukiwa bila bomba na huwezi kuubadilisha leo, pandisha ncha zote mbili juu ya ardhi kwenye kigingi, zikate nyuma sentimita 30 kwa 30 mpaka uone shaba inang'aa na karatasi ya aluminiamu ni kavu, ziunge ndani ya boksi la plastiki lenye matundu kwa chini, uzifunge raba kama za kwenye LNB.

Kwa kawaida, ukishafuata haya, kinachobaki ni ziara moja kwa mwaka, Juni, masika yakiisha. Soma ubora wa mawimbi ulinganishe na ulioandikwa mlangoni. Ukiwa umeshuka, fungua konekta ya LNB kabla ya kugusa kitu kingine. Shaba ikiwa na rangi yake, funga upya kwa raba mpya. Ikiwa imeanza ukijani, kata, rudi nyuma mpaka pakavu, weka konekta mpya; ndiyo maana kwenye kitanzi cha nguzo huacha mita moja ya ziada. Pale Bagamoyo nimekata mara moja tu, sentimita 20, na maembe huwa napewa kila nikienda.